Mkono Ulio Pembeni mwa Picha

Mkono ule ni wangu. Ukifungua kijitabu cha mazishi ya Wesley, ukurasa wa tatu, utaona picha ya wanaume watatu wamesimama mbele ya maikrofoni moja: Wesley na gitaa lake, Njoroge na mandolini, Sammy na besi yake ya sanduku la chai. Sasa tazama upande wa kushoto, pale karatasi inapoishia. Kuna shingo ya banjo, kuna mkono umeishika, na kidole cha shahada kina kovu la panga. Kovu hilo nililipata nikikata nyasi za ng'ombe, na bado ninalo, nimeliangalia sasa hivi ninapoandika. Chini ya picha wameweka historia ya bendi kwa mistari michache, na mstari wa mwisho unasema: Banjo, Joel, hayuko pichani. Jina langu mimi liko nyuma kabisa ya kijitabu, kwenye kamati ya chakula, baada ya mama wa kuni na kabla ya mama wa kuosha vyombo.

Watu wa umri wangu hupenda kusema kwamba mambo ya ujana wameshayasamehe. Mimi nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo. Vijitabu vililetwa kutoka Kericho siku moja kabla ya maziko, mchana, nikiwa nyuma ya nyumba ya marehemu na akina mama wenzangu tukimenya vitunguu. Kiprono, kifungua mimba wa Wesley, kijana mwenye adabu aliyenishika mikono yote miwili aliponisalimu, alinipa nakala moja nione jinsi ilivyotoka vizuri. Niliisoma nimesimama. Kisha nikamwita arudi.

"Kiprono, hii picha umeikata?"

"Ndio, Auntie. Ilikuwa haitoshei kwa page. Halafu kulikuwa na mama fulani wa chai alikuwa amepita mbele ya kamera na aproni, nikamtoa."

"Mama fulani."

"Ee, na gamboti. Nilidhani anamshikia mtu banjo. Alikuwa anaharibu picha."

Niliweka kisu chini. Sikumgombeza, kwa maana hakuwa amezaliwa siku ile picha ilipopigwa, na mtoto hawezi kujua kitu ambacho baba yake hakumwambia. Lakini nilijua kwamba kufikia kesho yake saa nne, nusu ya eneo letu la Bureti ingekuwa na kile kijitabu mkononi, wangekipeleka nyumbani na kukiweka ndani ya Biblia, na huo ndio ungekuwa ukweli wa bendi yetu milele. Nilikuwa na mchana mmoja tu wa kukataa.

Mwaka wa picha ile nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani; mambo hayo yatasomwa siku yangu ikifika. Asubuhi nilikuwa nachuma majani chai, saa sita nilikuwa nimefikisha kikapu kituoni, na kuanzia hapo hadi jioni nilikuwa mpishi katika hoteli ya Mama Njoroge pale Roret. Hoteli ilikuwa na meza nne na benchi zake, picha ya mlima wenye theluji iliyotoka kwenye kalenda ya zamani, na jiko la udongo lililomaliza kuni kuliko nyumba tatu. Mama Njoroge alikuwa amefika huku kutoka Nyeri akiwa bibi harusi na alikuwa amezoea kila kitu cha kwetu isipokuwa mursik. Alisema maziwa yenye majivu hatayanywa hata akishikiwa bunduki, ila aliyauza. Nyuma ya jikoni kulikuwa na stoo ya sukari na unga, na kati ya stoo na jikoni palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana. Ndani ya stoo hiyo ndimo bendi ilimofanyia mazoezi. Kila neno walilosema nililisikia nikisukuma chapati, na kila walichosema juu yangu vilevile.

Bendi haikuanzia kwenye stoo, ilianzia kwenye kituo cha majani. Yeyote aliyekuza chai anajua kusubiri lori. Mvua imenyesha, barabara imeharibika, majani yamelala kwenye magunia yanaanza kupata joto, na watu wamekaa chini ya paa la mabati wakitazama kona ambayo lori lazima litokee. Wesley alikuwa karani wa kupima majani pale. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kanisani, na aliona aibu kuwatazama wakulima wakikaa bure, kwa hiyo akaanza kuja na gitaa. Sammy, aliyekuwa akipakia magunia, akachukua sanduku la chai la mbao, lile la kiwandani, akalipindua, akatoboa tundu, akafunga waya wa breki ya baiskeli hadi kwenye mpini wa fagio, na hiyo ikawa besi. Njoroge, mwana wa Mama Njoroge, akaja na mandolini kutoka duka la baba yake. Joel akaja na banjo. Mjomba wake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja meneja wa shamba kubwa, na mzungu aliporudi kwao aligawa alichoshindwa kubeba: mapazia, vikombe, banjo, na kaseti moja. Wakajiita Green Leaf Boys, kwa sababu makarani huyaita majani mabichi hivyo, na kwa sababu bendi za kwenye kaseti zote zilikuwa za maboi wa mahali fulani.

Watu wa huku wanapenda muziki wa country, hilo halihitaji mjadala. Pita sokoni Jumamosi uone. Lakini kilichokuwa kwenye kaseti ile kilikuwa bluegrass, na bluegrass ni nyuzi tupu, hakuna ngoma, hakuna stima, na kila chombo hupewa zamu yake ya kusogea mbele kuzungumza. Tatizo lilikuwa betri. Redio ya Mama Njoroge ilikula betri sita, na zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika juu ya mabati zipate jua, zikarudisha nguvu kidogo, zikachoka tena, tukazianika tena. Kaseti ikazunguka kwa shida. Kwa miezi mingi wale wanaume wanne walijifunza bluegrass kwa mwendo wa watu wanaobeba jeneza, sauti nzito, kila mstari umeburuta miguu, na waliipiga hivyo hivyo, kwa heshima kubwa. Wazee kituoni waliipenda. Joel aliparuza banjo kwa kidole gumba tu, juu, chini, juu, chini, na hakuna aliyeona kasoro.

Halafu baba yake Njoroge akatoka Sotik na betri mpya. Nilikuwa nimebeba sufuria ya githeri nikiwapelekea stoo, na nilishuhudia Njoroge akizitia na kubonyeza. Kilichotoka kilitufanya sote tusimame. Tulidhani redio imeharibika. Banjo ilikuwa inakimbia, si kukimbia tu, ilikuwa inamwagika, na mandolini nyuma yake, na watu wanaimba juu kwa juu bila kuvuta pumzi.

"Zima!" Joel akasema. "Hii imeshikwa na wazimu."

"Hapana, ndio iko sawa," Njoroge akasema polepole. "Sisi ndio tulikuwa tumelala."

"Haiya!" Mama Njoroge akaita kutoka jikoni. "Kumbe hao watu walikuwa wanafurahi!"

Joel alijaribu kwa majuma matatu. Ninamheshimu kwa hayo majuma matatu, kwa sababu niliyasikia yote kupitia zile mbao. Mwishowe alitundika banjo kwenye msumari, akasema amepata kazi kiwandani, upande wa kukausha majani, na kwamba bendi ikipata mtu mwenye vidole vya kuku anayedona, wampe. Kazi ilikuwa ya kweli. Lakini alikuwa ameshindwa, na wote tulijua, na tulimwacha aondoke na kazi yake kama sababu.

Banjo ilikaa kwenye msumari. Mimi nilikuwa nimeisikiliza ile kaseti yenye betri mpya kila siku nikikanda unga, na kuna kitu nilikuwa nimekisikia ambacho wao hawakukisikia. Yule mpigaji hakuwa akiparuza. Alikuwa anachukua uzi mmoja mmoja kwa vidole vitatu, gumba na viwili vinavyofuata, na mkono wenyewe haukuenda popote. Nikajiambia, huyu mtu anachuma. Ukichuma chai hutumii mkono mzima: ni gumba na vidole viwili, majani mawili na chipukizi, na vidole vinakwenda vyenyewe huku macho yako yako kwingine na mdomo wako unaongea na jirani. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nikiwa mfupi kuliko mchai. Siku moja mvua ilipokuwa inapiga mabati na hoteli haina mteja, niliingia stoo, nikakaa kwenye gunia la sukari, nikaishusha. Sikujua kushika upande wa kushoto, lakini mkono wa kulia ulijua kila kitu. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua kichwa Njoroge alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe; aliiweka chini akaenda kuchukua mandolini.

Ijumaa Wesley alikuja akanikuta tunapiga. Alisimama, koti linadondosha maji.

"Nani alikuambia ushike hiyo kitu?"

"Hakuna."

Akanitazama, akaitazama banjo, akatazama vidole vyangu vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. "Haya," akasema, "rudia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Hakukuwa na mkutano wala kura. Kuanzia hapo, Jumanne na Ijumaa, nilipakua chakula, nikala nao humo humo stoo, githeri au ugali na mboga, mursik kwa sisi na chai kwa Njoroge, kisha tukapiga mpaka Mama Njoroge aseme anataka kufunga. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata nyingine ya aina yake, na nimeolewa na nimezaa na nimeshukuru Mungu kwa yote mawili. Kulikuwa na kazi moja ambayo ni mimi tu niliyeijua. Ngozi ya ile banjo ilikuwa ya mbuzi, na huku kwetu mvua haikosi mchana. Hewa ikishika maji, ngozi inalegea na sauti inakufa, unapiga unasikia tup, tup. Niliigeuza juu ya jiko la makaa, kwa mbali, nikiizungusha polepole mpaka ikauke na kuvutika, kisha nikaikaza na spana ndogo niliyoiweka kwenye mfuko wa aproni. Ukiiharakisha inapasuka. Wanaume walikaa wakingoja. Sammy, ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno, aliniita mpishi wa banjo, nami nikacheka. Leo nadhani nilicheka mapema.

Ikaja habari kwamba Green Leaf Boys wamekubaliwa kupiga kwenye maonyesho ya kilimo Kericho. Tuliruka, tukamwaga chai. Siku chache baadaye, nikiwa nasukuma chapati, nikasikia sauti ya Wesley upande wa pili wa mbao, ameishusha, na mtu akishusha sauti ndipo masikio yanapofunguka.

"Jina ni Boys," alikuwa anasema. "Sasa tutasimama mbele ya Kericho mzima na msichana wa hoteli? Kwa kanisa watasema nini? Na baba yake?"

"Kwani baba yake hajui?" Njoroge akauliza.

"Anajua anapika. Mimi nimeongea na Joel. Atakuja siku hiyo tu."

"Joel hawezi hiyo speed, na wewe unajua."

"Atapiga zile za polepole. Watu hawatajua tofauti."

"Mimi nitajua."

"Sammy," Wesley akasema, "wewe sema kitu."

Nilisimama na mti wa kusukumia chapati mkononi nikimngoja Sammy. Sammy hakusema kitu. Niliumia kwa hayo kuliko kwa maneno ya Wesley, maana Wesley alikuwa mkubwa wetu na wakubwa wana hofu zao, lakini Sammy alikuwa anakaa karibu yangu kila Jumanne, besi yake imegusa goti langu, na alijua ninachoweza. Chapati za siku hiyo zilitoka ngumu na wateja walilalamika. Niliwaambia wale au waache.

Wesley mwenyewe alinijia kesho yake. Alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulionikera. "Chelangat, siku ya show utakuja na sisi. Kutakuwa baridi. Utatupikia chai."

"Na banjo?"

"Banjo atashika Joel. Siku hiyo moja tu. Wewe unaelewa."

Nilisema sawa. Watu niliowasimulia wameniuliza kwa nini nilisema sawa, na binti yangu Cherop hukasirika kila akifika hapo. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kwenda mahali banjo inapokwenda.

Tulipanda pikapu asubuhi, mimi na jiko la makaa na birika nyuma pamoja na sanduku la Sammy. Uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe wa maziwa wenye riboni, mashine za kukata nyasi, watoto wa shule na skafu zao. Niliwasha jiko nyuma ya jukwaa, chini ya turubai. Joel alikuwa amevaa suti, na kwa kuwa alitaka kuona ng'ombe, aliiweka banjo kwenye nyasi, uso chini, akaenda. Mvua ikaja saa ile ile inayokuja kila siku. Mtu aliyekaa na ile banjo mwezi mmoja tu angejua, lakini Joel aliipiga polepole, chini ya paa, na hakuwahi kuiona ikilowa kabisa. Alipoiokota ilikuwa imelala. Akapiga mara moja, tup. Nilimwona akigeuka, suti imelowa mabega, akitafuta mtu wa kumlaumu, kisha akaniona mimi na makaa yangu.

"Chelangat, hebu nipashie hii. Tunaitwa sasa hivi."

Niliichukua. Nilivuta birika pembeni, nikaishika banjo juu ya makaa kwa mikono yote miwili, nikaizungusha. Jukwaani waliokuwa mbele yetu walikuwa wanamaliza. Sikuharakisha. Ngozi ilianza kulia kidogo, ile sauti ya kuvutika niliyoijua, nikatoa spana mfukoni nikakaza, nikagusa uzi mmoja na ukanijibu ukiwa mzima. Ndipo mtangazaji akaita Green Leaf Boys. Joel akanyoosha mikono yote miwili.

Ningeweza kumpa. Nimejiuliza mara nyingi ningekuwa nani leo kama ningempa. Nilisimama, aproni yangu, gamboti zangu, nikavaa mkanda wa banjo begani, nikamwambia, "Chai iko kwa birika. Jimiminie."

Nikapanda ngazi. Wesley alikuwa ameshaanza gitaa, na mtu akishaanza mbele ya watu hawezi kuacha, kwa hiyo alinitazama tu kwa jicho ambalo lingekausha majani ya kiwanda kizima. Maikrofoni ilikuwa moja. Katika bluegrass hiyo si shida. Anayeimba anasogea, anayepiga zamu yake anasogea, wengine wanarudi nyuma, mnapishana bila kugongana, na tulikuwa tumefanya hivyo stoo mara nyingi kuzunguka ufagio uliosimamishwa kwenye debe. Njoroge alipiga zamu yake, akatoka. Sasa ilikuwa zamu ya banjo. Wesley hakutoka. Alibaki pale, mgongo wake mpana mbele yangu, akiimba tena ubeti ambao tulikuwa tumeshauimba. Nilingoja mzunguko mzima, napiga nyuma yake bila kusikika na mtu. Nilihisi machozi, na nilijiambia kwamba nikilia nitalia nikiwa napiga. Ndipo nikaona sanduku la chai linasogea. Sammy alikuwa anaipiga besi huku analisukuma kwa goti, taratibu, inchi kwa inchi, mpaka pembe yake ikafika kwenye kisigino cha Wesley, na likaendelea kwenda. Wesley akayumba, akasogea kando. Sammy alikuwa anatazama mbele kama mtu asiyejua lolote.

Nikaingia. Mbele ya jukwaa kulikuwa na akina mama waliokuja na lori la mashamba, wachumaji wote, mashuka kichwani kwa sababu ya mvua, na walikuwa wametulia wakinitazama na aproni yangu wasijue mimi ni nani. Kisha mmoja wao akaona vidole. Alimgonga jirani yake, akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, gumba na viwili, na akapiga kelele: "Huyu anachuma!" Wote wakaanza. "Chuma, dada! Chuma!" Walikuwa wanachuma hewani kwa mikono yote miwili, wanacheka, wengine wanalia, na mimi nilichuma mpaka mwisho wa wimbo na nikaurudia kutoka mwanzo bila ruhusa ya mtu. Niliporudi pembeni kuwapisha waimbe, ndipo mpiga picha alipopiga ile picha.

Wakati wa kurudi Wesley alikaa mbele na dereva. Alinyamaza juma zima. Halafu akaja hotelini, akaagiza chai, akainywa yote, akafuta mdomo. "Mazoezi ni Jumanne," akasema, akaenda zake. Hakuomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na sisi tulipiga pamoja miaka kumi na moja. Wengine walikuja na kuondoka. Njoroge aliondoka mwaka ambao watu wa kwao waliandikiwa maneno ya kuwafukuza kwenye kuta za maduka; baba yake alifunga duka, wakahamia Nakuru, na sitakubali kusema kwamba ilikuwa sawa ati kwa sababu wengi walinyamaza. Nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa Chebunyo mwenye fidla, halafu na mtu wa maziwa kutoka Sotik aliyepiga vizuri na kukosa mazoezi kila Ijumaa. Sammy alikufa, na besi ikapigwa na mpwa wake. Wesley alikuwa mwanzo na mwisho, hilo sibishi. Lakini baada ya siku ile ya maonyesho, mkono wa banjo haukubadilika hata mara moja.

Basi mchana ule wa vitunguu nilimtuma Kiprono anunue kalamu. Alikuwa amesikia yote hayo akiwa amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka ardhi imfunike. "Auntie, nisamehe, si nitapost kwa group ya familia nirekebishe?" Nikamwambia mimi kwenye group hiyo simo. Akina mama wa kamati ya chakula walikuwa wameacha visu. Rael, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa chekechea na ana mwandiko mzuri, alivuta boksi la kwanza.

"Na wakisema tumeharibu kitabu ya marehemu?" akauliza.

"Waseme."

Tuliketi kwenye mikeka, mikono inanuka vitunguu, tukaanza kuandika. Kwenye kila nakala tulikata mstari wa mwisho na juu yake tukaandika: Banjo, Chelangat, mkono wake ndio huo. Tulikuwa katikati ya boksi la pili wakati mjane, Mama Kiprono, alipotoka ndani amebeba fremu kifuani. Akanipa. Ilikuwa ile picha, nzima. Aproni, gamboti, mdomo wazi, nywele zimelowa.

"Ilikuwa kwa bedroom," akasema. "Upande wake wa kitanda. Miaka yote hii. Nilimuuliza mara moja mbona haweki kwa sitting room, akasema itaanzisha maneno."

Nililia, nakubali. Lakini sikulia kwa kushukuru, na nilimwambia Mama Kiprono hivyo, kwa upole, kwa sababu alikuwa amefiwa. Wesley alijua. Kila asubuhi alipofungua macho alijua, na alinificha chumbani. Picha ya chumbani haimsaidii mtu yeyote. Nilimwomba aitundike sebuleni, naye akaingia ndani, na tukasikia nyundo.

Asubuhi ya maziko kulinyesha manyunyu. Kiprono alikuwa amepanga wazee wapige wimbo mmoja kabla ya mwili kwenda kaburini: Njoroge alikuwa amefika kutoka Nakuru na mandolini, mpwa wa Sammy na sanduku, na banjo, iliyokuwa imebaki nyumbani kwa Wesley, alikuwa ameshampa Joel kabla sijamweleza lolote. Nilikuwa kwenye moto, nachemsha chai ya watu wote wale. Nikamwona Joel anakuja na fimbo yake, banjo kwapani, na kijitabu mkononi, kimefunguliwa ukurasa wa tatu.

"Nimesoma," akasema. "Mnasema ukweli. Mimi nilitolewa na betri." Akanyoosha banjo. "Imelala tena."

Niliishika juu ya makaa. Alisimama karibu nami, tukiitazama ngozi ikikauka. Nilipomaliza kukaza sikuinyoosha kwake, na yeye hakunyoosha mikono. Aliinama, kwa shida, akachukua birika.

"Wewe enda," akasema. "Chai nitajimiminia. Na hawa wengine nitawamiminia."

Nilianza kuvua aproni, nikaiacha. Wazee walinipisha njia. Njoroge, mwenye mvi kichwa kizima, alirudi hatua moja nyuma ya maikrofoni kabla hata sijafika, kama tulivyofundishana kwenye ufagio ule. Kiprono akainua simu kutupiga picha, akiwa karibu mno, amekazana na nyuso zetu.

"Rudi nyuma," nikamwambia, na maikrofoni ikalipeleka neno hilo mpaka barabarani. Akarudi. "Rudi tena. Mpaka Joel na birika yake aingie."

Alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa majani chai ya baba yake, ndipo nikaanza.